Maneno ya Nyuma ya Ukurasa wa Jina

Msomaji wa mashairi akipata kitabu kipya hukifungua moja kwa moja kwenye beti. Wachache husimama kwenye ukurasa wa jina, na wachache zaidi huugeuza ukurasa huo wakatazama nyuma yake, ambako huwekwa mambo yanayohesabiwa kuwa ya makarani: mwaka wa chapa, anwani ya mchapishaji, jina la mpiga chapa, na ile nambari ndefu ya kitabu. Ilhali ni hapo, kwa herufi ndogo kuliko zote, ndipo mara nyingi huandikwa mtu wa nchi gani ana ruhusa ya kukinunua. Vitabu vya taaluma vya kampuni ya John Wiley & Sons ya Marekani vilivyotolewa kwa soko la Asia vilikuwa na tangazo la namna hiyo. Lilisema kwamba chapa ile imeidhinishwa kuuzwa Ulaya, Asia, Afrika na Mashariki ya Kati tu, na kwamba kuipeleka kwengine bila ya idhini ya mchapishaji ni kuvunja sheria. Chapa ya Marekani ya kitabu hichohicho ilikuwa na maneno karibu yaleyale, ila bei yake ilikuwa juu mno.

Supap Kirtsaeng, kijana wa Thailand, alikwenda Marekani mwaka 1997 kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akaendelea na shahada ya uzamivu huko California. Alipoona tofauti ya bei, aliwaomba jamaa na marafiki zake nyumbani wamnunulie vitabu katika maduka ya Thailand na wavitie posta. Yeye akaviuza Marekani kwa njia ya mtandao, akawarejeshea jamaa gharama zao, na faida ikabaki kwake. Hapakuwa na nakala iliyoibiwa wala iliyorudufiwa. Kila kitabu kilikuwa kimelipiwa dukani, na mchapishaji alikwisha pata haki yake aliyoipanga mwenyewe kwa watu wa Thailand.

Mwaka 2008 Wiley ilimshitaki. Raia walioteuliwa kuisikiliza kesi hiyo New York walimkuta amevunja hakimiliki ya vitabu 8, na wakaamua alipe dola 75,000 kwa kila kimoja, yaani dola 600,000 kwa jumla. Mahkama ya Rufaa ikaunga mkono mwaka 2011. Kisha tarehe 19 Machi 2013 Mahkama ya Juu ya Marekani ikaigeuza hukumu hiyo, majaji 6 kwa 3. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alieleza kwamba sheria inayompa mwenye nakala halali haki ya kuiuza au kuigawa haiulizi nakala hiyo ilipigwa chapa nchi gani. Aliyenunua kitabu amenunua kitabu.

Jambo hilo, kwa hakika, si geni huko. Zaidi ya karne moja kabla, mchapishaji mwengine wa Marekani alichapa ndani ya riwaya tangazo kwamba haina ruhusa kuuzwa kwa chini ya dola moja, na kwamba anayepunguza bei amevunja hakimiliki. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 Mahkama ya Juu ilisema kwamba mchapishaji akishauza nakala, amri yake juu ya bei ya nakala hiyo imekwisha. Yaonesha wachapishaji wana imani kubwa na nguvu za herufi ndogo.

Ni insafu kusema kwamba katika kesi ya 2013 upande wa mchapishaji haukuwa mtupu wa hoja. Kampuni ikiuza kitabu kwa bei ya chini Bangkok au Nairobi, huweza kufanya hivyo kwa sababu inajua kitabu hicho hakitorejea New York kuja kuuza mbele ya mlango wa ndugu yake ghali. Ukiuvunja ukuta, mchapishaji atasema, sina budi kuweka bei moja duniani kote, na bei hiyo haitokuwa ya Bangkok. Hoja hii haifai kupuuzwa katika mwambao wa Afrika Mashariki, kwa sababu wapo watu wengi humu waliosomeshwa na ukuta huo. Waliopita vyuoni miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka herufi ELBS kwenye majalada ya vitabu vya tiba, uhandisi na uchumi. Ulikuwa mpango uliofanya kazi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1997, ambapo ruzuku ya serikali ya Uingereza ilifanya vitabu vya Kiingereza viuzwe katika nchi zinazoendelea kwa bei ya chini sana kuliko ya London. Kitabu cha ELBS nacho hakikuwa na ruhusa kuuzwa Uingereza, na hakuna aliyelalamika kwamba Mwingereza ameonewa.

Kwa hiyo bei kutofautiana si dhuluma kwa nafsi yake. Mwenye duka la mtaani naye humpunguzia mjane na kumkazia tajiri, na majirani humsifu. Dhuluma huingia pale ukuta unapokuwa na mlango unaofunguka kwa upande mmoja. Kampuni ina ruhusa ya kuuvuka kila siku: huandikisha kitabu nchi moja, hukipigisha chapa nchi nyengine ambako mshahara wa mtambo ni mdogo, hukihifadhi ya tatu na kukiuza ya nne, na hilo huitwa biashara. Mnunuzi akiuvuka mara moja tu kutafuta bei nafuu, huitwa mahkamani. Fauka ya hayo, huruma hiyo ya bei aghalabu huishia kwenye vitabu vya mitihani. Afrika imo katika orodha ya chapa nafuu pale kinapotajwa kitabu cha uhasibu au kemia. Ikija zamu ya diwani, tafsiri, kamusi kubwa, au uchambuzi wa utenzi, chapa nafuu haipo, na msomaji wa kisiwani hujikuta anatakiwa kutoa bei ya mtu wa Berlin, na juu yake gharama za njia ambazo mtu wa Berlin hazijui.

Mpaka huu una asili yake. Mwaka 1947 wachapishaji wa Uingereza waliwekeana makubaliano kwamba hawatonunua haki za kitabu cha Kimarekani mpaka wapewe soko zima la nchi zilizokuwa chini ya himaya yao, na Wamarekani wakayafuata. Dunia ya wasomaji wa Kiingereza ikakatwa vipande viwili kama muhogo. Mombasa, Dar es Salaam na Unguja zilikuwa kipande cha London, wala hakuna mkaazi wa humo aliyeulizwa. Makubaliano hayo yalivunjwa mwaka 1976 baada ya serikali ya Marekani kuyapeleka mahkamani kwa kuwa yanaua ushindani. Lakini desturi haikufa pamoja na karatasi. Hadi leo mwandishi anapouza haki za kitabu chake huziuza kwa maeneo, na wakala wa London bado huomba orodha ndefu ya nchi ambazo bendera zake zilibadilika zamani.

Nchi tajiri nazo hazikusalimika. Kanada kitabu cha Kimarekani huchapwa bei mbili kwenye jalada lilelile, moja ya dola za Marekani na moja ya dola za Kanada. Septemba 2007 dola hizo mbili zikawa na thamani sawa, jambo ambalo halijatokea tangu 1976, na wanunuzi wakasimama madukani wakiwa na ushahidi mkononi: fedha ni sawa, kitabu ni kimoja, na bei ya pili bado imepanda. Wauzaji walijitetea kwamba bei zilipangwa miezi mingi nyuma. Ilikuwa kweli, lakini ipo sababu nyengine iliyosemwa kwa sauti ndogo zaidi. Kanuni za mwaka 1999 za nchi hiyo zinamruhusu wakala mwenye haki pekee ya kuingiza kitabu cha Kimarekani kuongeza hadi asilimia 10 juu ya bei ya huko baada ya kubadilisha fedha, na asilimia 15 kwa kitabu kinachotoka Ulaya. Mkanada angalau aliziona bei zote mbili. Mtu wa Pemba huiona moja, ile aliyoandikiwa yeye.

Intaneti ilipoenea visiwani, wengi walidhani habari hizi zimekwisha. Dirisha la duka la London lilikuwa sasa limefunguka ndani ya chumba cha Mkunazini, na mtu aliweza kutazama rafu ambazo baba yake hakuzijua hata kwa hadithi. Haukupita muda ikadhihirika kwamba dirisha hilo lina macho. Kompyuta inapoomba ukurasa, hujulisha iko nchi gani, na duka huweza kubadilisha bei, au sarafu, au hata vitabu vinavyooneshwa, kabla mgeni hajatamka neno. Oktoba 2009 kampuni ya Amazon ilianza kuuza kifaa chake cha kusomea, Kindle, katika nchi zaidi ya 100 nje ya Marekani. Wasomaji wa nje wakakuta vitabu vingi vya kielektroniki vimezidishwa takriban dola 2 juu ya bei ya Wamarekani. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa gharama za kukirusha kitabu kwa mawimbi ya simu katika nchi za mbali. Kitabu kisicho karatasi wala uzito, kisichopanda meli wala kupita forodhani, kilikuwa kimetozwa nauli.

Mara nyengine hata bei haipo. Msomaji hubonyeza, kisha huambiwa kwamba kitabu hicho hakipatikani katika nchi yake, kana kwamba nchi yake ndiyo iliyokosea. Umoja wa Ulaya ulijaribu kulitibu jambo hili ndani ya mipaka yake. Kanuni iliyoanza kutumika tarehe 3 Disemba 2018 inamkataza muuzaji wa nchi moja ya Umoja kumkataa au kumtoza zaidi mnunuzi wa nchi nyengine kwa sababu ya makaazi yake. Vitabu vya kielektroniki vikawekwa kando, havikuguswa na katazo hilo. Ikiwa Mbelgiji hakupata faraja, mtu wa Tumbatu angoje.

Mchukue mfasiri wa mashairi aliyejisomea mwenyewe, asiye mwanachuo wala mwajiriwa wa chuo, kama walivyo washairi wengi wa mwambao. Tuseme anaitaka diwani ya mshairi wa Ulaya ya Mashariki iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, nayo imewekewa dola 16. Kuisafirisha ni dola 20. Benki hukata chake katika kubadilisha fedha, na kama hana kadi inayokubaliwa nje, humwomba mwenye nayo, na hisani hiyo nayo ina gharama yake. Sasa tuseme kazi yake inamtaka asome pia uchambuzi wa kitaalamu juu ya ushairi wa Kiswahili wenyewe, uliochapwa Ulaya. Hapo bei huweza kuwa dola 120. Bei hiyo haikuwekewa mtu. Imewekewa maktaba za vyuo vikuu, ambazo mchapishaji anajua zitanunua kwa vyovyote, nakala mia mbili au tatu, na baada yao hatarajii mnunuzi mwengine. Mwanachuo wa London au Hamburg hakisomi kwa dola 120; hukisoma bure, kwa kadi ya maktaba. Anayekabiliwa na bei yenyewe, uso kwa uso, ni yule tu asiye na maktaba nyuma yake.

Na huo ndio uchungu wa jambo hili kwa wapenzi wa ushairi, kwa sababu bidhaa inayouzwa mara nyingi ilitoka kwao. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, zilikuwa vichwani mwa watu na katika makaratasi ya wachache. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya na kuzifafanua pamoja na mmishenari William Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika Skuli ya Taaluma za Mashariki na Afrika, na kutokana nazo William Hichens akaitoa diwani ya Muyaka, iliyochapwa Johannesburg mwaka 1940. Mombasa, London, Johannesburg: beti zilizotungwa baina ya Ngome na Kuze zilitembea hivyo kabla hazijapata jalada. Hakuna wa kulaumiwa katika safari hiyo. Bila ya Sikujua na Taylor huenda nyingi zingepotea, na kila anayemsoma Muyaka leo ana deni kwao. Ila tofauti ya nauli inaonekana. Wakati wa kwenda, tungo hazikulipiwa kitu. Wakati wa kurudi zina bei, na nakala kuukuu ya chapa ile ya 1940 sasa ni mali ya wakusanyaji wa vitu adimu.

Yapo pia maktaba ya mtandaoni yasiyouza kitu na bado yana mpaka. HathiTrust, iliyojengwa na vyuo vikuu vya Marekani, humfungulia msomaji aliyeko nchini humo vitabu vingi vilivyochapishwa London mwanzoni mwa karne ya 20, na vitabu hivyohivyo huvifunga kwa aliyeko nje, kwa tahadhari ya sheria za hakimiliki za nchi mbalimbali. Kitabu chenye masimulizi ya Pate huweza kuwa wazi Ohio na kufungwa Pate.

Kwamba mambo yanaweza kuwa vyengine, pana ushahidi wa karibu. Mwaka 2023 kampuni ya Brill ya Leiden, Uholanzi, ilitoa kitabu cha tungo za Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, kiitwacho In This Fragile World, kwa Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza, chini ya uhariri wa Annachiara Raia na Clarissa Vierke. Kitabu hicho kiliwekwa mtandaoni kisomwe na kupakuliwa bure na yeyote, popote alipo. Nakala ya karatasi ina bei za Ulaya kama ndugu zake, lakini kijana wa Lamu mwenye simu anaweza kukisoma kitabu cha mzee wa mtaani kwao bila ya kuomba kadi ya mtu. Bila shaka hakikuwa bure kukitengeneza. Gharama zilibebwa mapema, upande wa watoaji, zisimngoje msomaji mlangoni. Ni ajabu kwamba jambo hili hufanywa mara chache mno kwa vitabu ambavyo faida yake, kwa hesabu za wachapishaji wenyewe, ni ya nakala mia mbili.

Haitokuwa haki, hata hivyo, kuutupa mzigo wote ng'ambo. Mipaka mingine imejengwa na Waswahili wenyewe. Kati ya 1948 na 1977 palikuwapo Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ambalo mswada wa Tanga na wa Lamu uliweza kupita chini ya dari yake moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 shirika nalo likagawanyika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Miaka sita si mingi kwa historia ya lugha, lakini ni mingi kwa muuza vitabu. Wauzaji walizoea kutotazama upande wa pili, na mazoea hayo yaliuzidi umri mpaka wenyewe. Diwani iliyochapwa Nairobi bado hufika Unguja kwa bahati, na ikifika huwa imepitia mikono mitatu, kila mmoja ukiongeza chake, hadi kitabu cha lugha moja, kutoka safari ya saa chache, kikawa na bei ya kigeni.

Tena kuna kodi. Mkataba wa UNESCO uliopitishwa Florence mwaka 1950, ambao Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoukubali, unazitaka nchi zisitoze ushuru wa forodha juu ya vitabu. Ni mkataba wa fakhari, na una tundu: haugusi kodi za ndani ya nchi. Sheria mpya ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Kenya ya mwaka 2013 ilipoviingiza vitabu katika asilimia 16, hakuna kifungu cha Florence kilichovunjwa. Kitabu kiliachwa kipite forodhani kwa heshima, kikakamatwa dukani.

Na kuna njia yenyewe. Kwa miaka mingi marafiki wa ng'ambo waliotaka kupeleka vitabu Afrika walivitia katika posta ya meli. Vilichukua miezi mitatu, pengine minne, na vikifika vilikuwa na harufu ya chumvi, ila gharama zake zilivumilika. Mei 2007 Posta ya Marekani iliifuta huduma yake ya meli kwa nchi za nje, na tangu hapo kila kifurushi kinachotoka huko kwa posta hiyo hulipiwa bei ya ndege. Visiwa ambavyo kila kitu chake, kuanzia dini hadi vyungu, kilikuja kwa bahari, vikawa haviwezi tena kupata kitabu kwa bahari kutoka katika soko kubwa la vitabu duniani. Ufaransa, ambako tangu 1981 sheria huweka bei moja ya kitabu kwa maduka yote, iliona hatari ya usafirishaji kwa upande mwengine: mwaka 2014 ilikataza kusafirisha vitabu bure ili maduka madogo yasiuliwe, na kampuni kubwa ikajibu kwa kutoza senti moja. Kuanzia Oktoba 2023 ada ya chini ikawekwa kuwa yuro 3 kwa manunuzi yasiyofika yuro 35. Yuro 3! Mnunuzi wa Chake Chake angeilipa hiyo huku akishukuru.

Turudi kwa Kirtsaeng, kwani ushindi wake ulikuja na kivuli. Siku 11 tu baada ya hukumu yake, tarehe 30 Machi 2013, mahkama moja ya New York iliamua katika kesi ya muziki kwamba aliyenunua wimbo kama faili la kompyuta hana haki ya kuuza faili hilo kwa mwengine, kwa sababu kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Mahkama ya Rufaa ikaithibitisha mwaka 2018. Tarehe 19 Disemba 2019 Mahkama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikasema hivyo juu ya vitabu vya kielektroniki, katika shauri la tovuti ya Kiholanzi iliyokuwa ikiviuza vilivyokwisha somwa. Kitabu cha kielektroniki, kwa hesabu hiyo, hakinunuliwi. Hukodiwa kwa muda usiojulikana. Haki aliyoipata mwanafunzi yule ni ya karatasi, nayo inabaki na karatasi, wakati wachapishaji wa vitabu vya vyuo wanahamia kwa haraka kwenye nambari za siri za kufungulia kurasa, ambazo muhula ukimalizika hufa.

Kwa watu wa mwambao hilo lina maana kubwa kuliko bei. Miswada ya Siyu na Lamu ina majina ya wenyewe pembezoni: aliyenakili, aliyenunua, aliyerithi, aliyeiweka wakfu kwa wanafunzi. Mtu alijua mswada wake ulipitia kwa nani, na mara nyengine kwa kiasi gani. Kitabu kilichomo ndani ya simu hakiandikiki jina. Mwenyewe akifariki, hakigawiwi pamoja na mashamba na sahani, na mjukuu aliyekuwa akiitamani rafu ya babu hukuta neno la siri asilolijua.

Ndiyo maana karatasi bado hutafutwa, na njia yake bado ni ileile ya jamaa wa Kirtsaeng. Katika Mji Mkongwe, anayerejea kutoka London au Maskati hupigiwa simu wiki mbili kabla ya safari, kwanza ya kumjulia hali, kisha ya kuuliza kama kilo zake zimejaa. Kitabu huagizwa kwa anwani ya aliko, kwa bei ya huko na posta ya huko, hukaa mezani kwake siku kadhaa, kisha huzongwa ndani ya mashati ili jalada lisikunjike. Wapo wasafiri wakarimu wanaobeba vitano. Wengi hukubali viwili, na cha tatu, ambacho aghalabu ndicho kinene, hungoja mtu wa mfungo sita.